Miche Iliyogoma Kukua

Korba, 19 Januari 1974

Mama mkwe wangu Bi Mannubia,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute u mzima huko Bizerte, wewe na wifi Beya na mumewe na watoto. Mimi mzima, alhamdulillahi. Jirani Hasna anakusalimu. Anasema tangu uondoke hana wa kumgombeza, mpaka ameanza kunenepa. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, majike wote wawili. Ukuta wa zizi umeloa mvua ukavimba, lakini bado umesimama.

Hii ni barua yangu ya pili. Ya kwanza niliituma mwanzoni mwa Desemba, labda imepotea njiani.

Mama, uliondoka siku ya arobaini ya Shedli bila kuniaga, na sikuulizi kwa nini. Nakuandikia kwa sababu ya mbegu. Juu ya rafu ya jikoni nimekuta kitambaa cha buluu kimefungwa fundo, na ndani mna mbegu za pilipili alizohifadhi Shedli mwezi Septemba. Fundo ni lake, anavyofunga mara mbili na kukaza kwa meno. Nimetafuta nyumba nzima, nyingine hakuna. Zile za mwaka juzi panya wamezimaliza. Majirani wote siku hizi wanapanda za dukani, kwa hiyo zikifa hizi, pilipili ya nyumba yenu imekwisha duniani.

Niko edani bado, sitoki, basi nimetengeneza tuta hapa hapa uani, kando ya ukuta unaopata jua. Nimeweka samadi ya punda chini, udongo juu, na mkeka wa kufunikia. Nilipanda tarehe 8, mbegu tisini na nne. Leo ni siku ya kumi na moja na sijaona hata kijani kimoja. Kila asubuhi nafunua, natazama, nafunika.

Unajua mimi ni mtoto wa fundi cherehani. Nipe kitambaa nitakushonea kanzu, lakini kuotesha mlikuwa mnaotesha wewe na yeye, mimi nilikuwa mtu wa kuwaleteeni chai. Naomba unielekeze. Nakuomba sana, Mama.

Mkaza mwanao,
Rebha


Bizerte, 9 Februari 1974

Mkaza mwanangu Rebha,

Waaleikum salaam. Nimepata barua zako zote mbili. Ya kwanza haikupotea.

Anayeandika ni Beya, mimi nasema tu, na nimemkataza kupamba maneno yangu. Sisi wazima. Watoto wana kikohozi. Mkwe wangu analeta samaki kila siku ya Mungu, mpaka nikimwona na kapu nageuzia uso ukutani. Na pilipili ya huku haiwashi. Ni mboga tu ya kujazia tumbo. Nilimwambia mwenye duka, akasema, "Mama, hiyo ndiyo kali kuliko zote." Nikamwambia basi Mungu akuponye.

Sasa sikiliza. Kosa lako la kwanza ni hilo la kufunua kila asubuhi. Unawaletea baridi halafu unawauliza mbona hamwamki. Pilipili si kunde. Inalala ardhini wiki tatu, hata nne, na hakuna aliyewahi kuiamsha kwa kuitazama. Funika mkeka jua likianza kushuka, funua jua likishapanda, basi. Tia mkono chini ya udongo, kwenye samadi. Ikiwa vuguvugu, uko sawa. Ikiwa baridi, ongeza mbichi pembeni, usiguse katikati.

Halafu hesabu makaa, yale matatu yanayofungua joto la mwaka. Hili ulilisikia miaka sita nyumbani kwangu, ila sijui kama ulisikiliza. Tarehe 20 mwezi huu kaa la moto la kwanza linaanguka hewani. Siku hiyo uanze kuwafunulia adhuhuri wapate upepo. Tarehe 27 la pili linaanguka majini. Kuanzia hapo wanaweza kunyweshwa vizuri, kabla ya hapo ni kulowesha kidogo tu. Tarehe 6 Machi la tatu linaanguka udongoni, na udongo unapata roho. Lakini usidanganyike ukakimbilia kuhamisha. Baada ya hapo kuna zile siku nane za Husumu, kuanzia tarehe 10, na baridi yake ni ya hasira, maana inajua inaondoka. Zikipita ndipo utaona mche unakua. Aprili mwishoni unahamishia bustanini.

Unawanywesha maji gani?

Mama mkwe wako,
Mannubia

Wifi Rebha, haya ni yangu mimi Beya. Barua yako ya kwanza niliisoma kwa sauti mara tatu. Alisema iweke, na iko chini ya mto wake. Usimkasirikie.


Korba, 3 Machi 1974

Mama yangu,

Salamu nyingi baada ya kukukumbuka. Ahsante kwa majibu, nimeyasoma mpaka karatasi imelegea. Hasna kaozesha binti yake kwa yule fundi bomba wa Nabeul, kuskusi iliyopikwa siku hiyo ingeshibisha kambi ya jeshi. Mimi sikwenda, lakini walinikumbuka, wakaniletea sahani.

Imeota, Mama. Tarehe 2 Februari niliona shingo ya kwanza imejikunja, na baada ya wiki moja ilikuwa miche sitini. Nililia, nakwambia kweli. Hasna akaja mbio, akadhani nimepata habari ya msiba mwingine.

Lakini tangu hapo imesimama. Imetoa majani mawili, yale ya kuzaliwa nayo, na kati yake kitu kidogo kama ncha ya sindano, ikagoma. Leo ni mwezi mzima. Nimeipima kwa kidole, haijafika pingili ya kwanza. Rangi imeanza kwenda njano. Makaa nimeyahesabu kwa kalenda ya ukutani, hewa tarehe 20, maji tarehe 27. Nafunua adhuhuri, nafunika alasiri. Samadi ni vuguvugu, nimetia mkono mpaka kwenye kiwiko.

Sasa nikueleze jambo lenyewe. Eda yangu imeisha tarehe 21. Siku ya pili yake baba alifika kutoka Kelibia na gari la kukodi, akaingia na sanduku tupu. Akaliweka kitandani likiwa wazi. Nikamwambia, "Baba, mimi sijasema naondoka." Akasema, "Utakaa hapa na nani? Mume hayupo, mtoto hukujaaliwa, mama mkwe kakimbia." Nikamwambia nakaa na pilipili. Akanitazama kama nimepagawa. Mwisho tukakubaliana hivi: miche ikishika, ikaingia ardhini mwanzoni mwa Mei, tutazungumza. Isiposhika, narudi Kelibia, nakaa nyuma ya cherehani mpaka apatikane mtu wa kunioa. Sanduku kaliacha hapa. Nimeliweka juu ya kabati.

Sitaki kwenda, Mama. Kila kitu chake kiko hapa.

Kuhusu maji usiwe na wasiwasi, maji yapo.

Rebha


Bizerte, 15 Machi 1974

Mkaza mwanangu,

Salamu. Leo ni katikati ya Husumu, na hapa upepo umeng'oa bati la jirani likaenda kutua mferejini. Watoto wamepona kikohozi, mimi ndiye nimekirithi. Mwambie Hasna hongera, na mwambie sijasahau sufuria yangu kubwa.

Mche ukisimama una sababu. Mwivu anasema ni jicho, mvivu anasema ni bahati. Mimi nilisimamisha miche mwaka nilioolewa, na marehemu mama mkwe wangu alinizungusha na mwiko uani kote. Kwa hiyo najua.

Tazama haya. Imesongamana? Kama majani yanagusana, toa dhaifu, usiwaonee huruma. Udongo juu umefanya ganda? Likwangue kwa kijiti cha mzeituni, taratibu, mizizi ipumue. Umewapa samadi ya njiwa? Kama umewapa katika baridi hii, umewaunguza, na nitakuja nikuzungushe na mwiko mimi. Chakula kinapewa mwenye nguvu ya kula. Mche uliosimama haulishwi, unapashwa joto, na unanyweshwa kitu ambacho hakiushtui. Mzizi wa pilipili ukishtuliwa na maji baridi unafumba mdomo, na unaweza kuufumba mwezi mzima.

Kwa hiyo nakuuliza tena. Maji gani? Wakati wa eda ulikuwa unaletewa, sawa. Sasa unatoka. Usiniambie maji yapo. Baharini pia yapo.

Beya amechoka kuandika.

Mannubia

Wifi, sijachoka. Mama ndiye aliyeinuka, akaondoka na shali yake mpaka kwenye daraja, akarudi amelowa. Wewe unajua anauliza nini na mimi najua. Lile neno "kisima" halijatoka kinywani mwake tangu siku tulipomtoa kaka mle ndani. Na jina la kaka pia hataji. Anasema "yeye" tu. Beya.


Korba, 30 Machi 1974

Mama, na wewe wifi Beya unayesoma,

Assalaam aleikum. Sisi wazima. Mbuzi mmoja kati ya mapacha kafa kwa baridi ya Husumu. Ukuta wa zizi hatimaye umelala chini.

Mama, miche imebaki thelathini na mmoja. Nimepunguza, nimekwangua ganda, samadi ya njiwa sijagusa. Iliyobaki imesimama vile vile, na karibu kila wiki mmoja unalala ubavu.

Umeuliza maji gani mara mbili, na mara mbili nimekukwepa. Nawanywesha maji ya bomba la barabarani. Yanatoka kwenye tangi la kule juu, yananuka dawa, na asubuhi yanauma vidole. Nayaweka juani kwenye beseni, lakini jua la Machi unalijua. Kisima wanaume walikifunika kwa ule mlango wa zizi wa zamani, wakaweka mawe matatu juu. Mawe yako palepale. Tangu Oktoba sijapita upande ule. Nikienda kwenye mlimau nazunguka nyuma ya nyumba.

Sasa nasema lile ambalo sijasema. Wifi Beya, soma tu, usiruke neno, ingawa ni kaka yako.

Siku ile ilikuwa Ijumaa, nilikuwa naoka. Shedli aliniita kutoka bustanini, "Rebha, njoo unishikie kamba, nashuka." Nikamjibu, "Ngoja nitoe mikate." Akasema, "Haya." Basi hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu, haya. Mikate ilikuwa minne. Nikaitoa mmoja mmoja, nikaifunika kitambaa, nikanawa mikono. Haikuungua hata mmoja. Nilipofika kamba ilikuwa imefungwa kwenye mtini, hakuna mtu wa kuishika, na jiwe la kukanyagia lilikuwa limechomoka kwenye ukuta wa kisima.

Ningekuja alipoita, ningekuwa nimeishika. Nilijua ndiyo sababu uliondoka bila kuniaga. Ulinitazama siku arobaini na hukunitukana hata mara moja, na wewe unamtukana mpaka kuku. Ningeona afadhali ungenitukana.

Hiyo ndiyo habari ya maji. Sasa unajua kwa nini miche ya Shedli haikui. Nisamehe, na usiponisamehe nitaelewa.

Rebha


Bizerte, 12 Aprili 1974

Wifi Rebha,

Salamu. Hii ni mimi Beya peke yangu.

Barua yako nimemsomea mpaka mwisho. Alikuwa anachagua dengu kwenye sinia. Nilipomaliza aliendelea kuchagua, kisha akaimwaga sinia yote, zilizochaguliwa na mawe yake pamoja, akainuka akaingia chumbani. Tangu siku hiyo anakula kidogo na hasemi. Nimemuuliza nimjibu nini Rebha, akasema, "Wewe usijibu kitu."

Sitakuficha, nilikuwa na hasira nawe siku mbili. Niliwaza hiyo mikate minne mpaka nikaona kinyaa kugusa unga. Siku ya tatu nikakumbuka kaka alivyokuwa. Hata angeambiwa na mfalme angoje, asingengoja.

Subiri tu. Sina zaidi.

Beya


Bizerte, 20 Aprili 1974

Mwanangu Rebha,

Anayeandika hapa ni bwana mmoja mwenye meza nje ya posta. Hanijui, simjui, na nimemwambia akiongeza neno lake nitampindulia meza. Beya hajui kama niko hapa. Nimemwambia nakwenda kununua uzi.

Wewe unasema mikate. Ngoja nikwambie ndoo.

Unaikumbuka ile ndoo ya shaba niliyokuja nayo harusini. Jumanne ya wiki ile ilinikatikia kamba ikazama. Niliiona inang'aa chini, na roho ikaniuma kana kwamba ni mtoto. Jumanne ile ile nikamwambia aifuate. Akasema, "Mama, maji yakipungua." Jumatano nikamwambia tena. Alhamisi nikamwambia mbele ya watu, Hasna alikuwepo, "Mwanamume gani anayeacha ndoo ya mama yake ilale kisimani?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Ijumaa akashuka.

Nilimtuma mimi, Rebha. Kwa ndoo. Nilikuwa nazo nyingine tatu.

Nikadhani unajua. Ulikuwa uani siku ile ya Alhamisi, ulikuwa unaanika nguo, nikadhani umesikia. Siku zile arobaini kila ulipoinua macho nilisema moyoni, sasa ataniambia. Hukuniambia. Nikaona unanihifadhi kwa adabu tu, na adabu ile ikanishinda kuliko matusi. Nikamwita Beya, nikaondoka. Sikuondoka kwa sababu yako. Niliondoka kwa sababu ya ile ndoo, iko pale na haitoki.

Huyu bwana ameacha kuandika, anafuta miwani. Nimemwambia aendelee.

Sikuandikii uniambie "hapana, Mama, si wewe." Nimezeeka, najua kilichotokea. Na mimi sitakuambia mikate haikuwa kitu. Ilikuwa kitu. Tutabeba kila mtu na wake. Lakini ile miche haina kosa. Haikuoka, haikupoteza ndoo, na inakufa kwa baridi ya maji kwa sababu yako na yangu.

Basi fanya hivi. Mwite Hasna mwondoe mawe. Asubuhi, jua likichomoza, chota. Maji ya kisima kile wakati wa baridi yanatoka na mvuke, na majira haya utayaona ya vuguvugu kama ya kunawishia mtoto. Kila mwaka kaa la moto likianguka majini nilikuwa nachota mimi ndoo ya kwanza, nanawa uso, nawanywesha miche kwa kikombe, chini kabisa kwenye shina, jani lisiguswe. Mwaka huu hakuna aliyechota. Umechelewa miezi miwili, lakini chota. Ukiona majani yanarudi kijani, ndipo uloweke samadi ya njiwa siku tatu, uichuje, uwape kikombe kimoja kwa kila mche, mara moja kwa wiki. Kisha hamisha jioni, siku ya mawingu, na mizizi na udongo wake.

Nawa uso kwanza. Usisahau hilo.

Mannubia


Korba, 10 Mei 1974

Mama,

Assalaam aleikum na rehema za Mungu. Hasna anakusalimu, na ameniletea sufuria yako kubwa bila kuombwa, nadhani barua zako zinamtisha kutoka Bizerte. Zizi tumelijenga upya, mimi na mumewe.

Barua yako ilifika tarehe 26. Niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikakaa kizingitini, sikuinuka mpaka Hasna aliponikuta. Sikusikia, Mama. Nilikuwa naanika nguo kweli, lakini sikusikia. Hayo tu ndiyo nitakayosema, umenikataza mengine.

Kesho yake asubuhi tuliondoa mawe. Hasna alitaka kubaki, nikamwambia aende. Nilivuta ule mlango peke yangu, na harufu ya kisima ikanijia usoni, harufu ile ile ya nguo zake akitoka kufukua mfereji. Nilipiga kelele. Sikuwa nimelia hivyo hata siku ya mazishi. Kisha nikashusha ndoo ya bati, nikachota, nikanawa uso. Yalikuwa vuguvugu, kama ulivyosema. Nikawanywesha kwa kikombe, shinani.

Walikuwa wamebaki ishirini na wanane. Siku tano sikuona kitu, na sita wengine wakafa, nikasema basi, imekwisha. Siku ya sita ile ncha ya sindano ilifunguka. Mama, ilifunguka yote kwa wiki moja, jani la tatu, la nne, la tano, na rangi ikarudi mpaka mishipani. Nimehamisha juzi jioni, kulikuwa na mawingu. Iko bustanini miche ishirini na miwili, kwenye mtaro wa kwanza, upande wa mtini. Ni mifupi kuliko ya jirani yeyote hapa, lakini imesimama wima.

Adhuhuri jua likifika katikati naiona ndoo yako. Imelala ubavu. Mume wa Hasna alitaka kuiopoa na kulabu, nikamwambia asiiguse mpaka nikuulize.

Jana baba alikuja. Alizunguka bustani mara mbili, mikono nyuma.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Miche ishirini na miwili. Hii si bustani, mwanangu, hii ni saladi."

"Mbegu zake zitajaza bustani mwakani."

Akachuchumaa, akaugusa mche mmoja kwa kidole, kama anavyogusa hariri ya watu. Kisha akasema, "Sina ugomvi na pilipili. Zimeshika, umenishinda. Ugomvi wangu ni mlango. Nani anafunga mlango huu pamoja na wewe? Una miaka ishirini na sita, na watu wana midomo. Angekuwepo mama mkwe wako nisingekuwa na la kusema." Atarudi tarehe 24 na gari. Sanduku ameliteremsha mwenyewe kutoka juu ya kabati.

Sikuandikii haya ili uje. Huko una wajukuu, na huku kuna kile unachokijua. Nikienda, Hasna atainywesha, nimemfundisha kutumia kikombe. Lakini nilitaka ujue kwamba imeshika, na kwamba kisima kiko wazi.

Kazi ya kunywesha ni ngumu kidogo sasa. Kamba ni ndefu, na nikiivuta sina wa kuishika nikienda kumimina. Naifunga kwenye mtini.

Rebha


Bizerte, 17 Mei 1974

Binti yangu Rebha,

Salamu kwako na kwa yeyote aliyepo hapo. Anaandika Beya. Nimemwambia habari ya ndoo jana, mbele ya mumewe, maana nimechoka kwenda kununua uzi. Amelia, na analia sasa hivi, ukiona wino umechafuka usidhani ni mimi.

Miche imeingia ardhini, sasa usiinyweshe kila siku. Siku moja ndiyo, siku mbili hapana, mizizi ishuke chini kujitafutia. Ua la kwanza likitoka kabla mche haujafika goti, likate. Najua utaona uchungu. Likate. Na mche mmoja ulio mzuri kuliko wote ufunge uzi mwekundu, huo hatuli hata pilipili yake moja, huo ni wa mbegu. Ni miche ya Shedli, na mbegu zake tutazifunga kwenye kitambaa kile kile.

Ndoo iache ilipo. Mtu yeyote asishuke mle, wala kwa mguu wala kwa kulabu. Hiyo nimeitoa sadaka kwa kisima.

Nakuja Alhamisi, tarehe 23, na basi la asubuhi. Usije kunipokea, ninaijua njia ya nyumbani kwangu. Mwambie Hasna ale vizuri siku hizi zilizobaki. Baba yako akifika na gari lake mpe chai na mkate, nitamweleza mwenyewe habari ya mlango. Hilo sanduku lirudishe juu ya kabati, au weka vitunguu.

Kamba usiifunge tena kwenye mtini. Ngoja nifike, nitaishika mimi.

Mama yako,
Mannubia